Hodi Juu ya Kisiwa

Mtu wa Sumbawanga akisema mbele ya watu wa mikoa mingine kwamba anasafiri kwa ndege, swali la kwanza ni kama ungo wake umeshafanyiwa matengenezo. Nimeishi na utani huo tangu chuo kikuu na sijawahi kuupatia jibu, kwa sababu ukikana sana unaonekana mchawi, na ukicheka sana unaonekana mchawi mwenye raha zake. Basi niseme mapema: safari hii ilikuwa ya ndege hasa, yenye injini, rubani na tiketi, na sababu yake ilikuwa harusi.

Edita, mtoto wa marehemu kaka yangu, ni muuguzi katika zahanati ya Ntanga, kisiwa kidogo cha Ziwa Tanganyika mbele ya Kirando. Huko amepata mchumba, Kasiano, fundi wa injini za boti. Padri hufika kisiwani kwa nadra, na safari hii alikuwa amepanga misa ya Jumamosi: afungishe ndoa, kisha aondoke kwa boti kabla upepo wa mchana haujachafua ziwa. Akishaondoka, haonekani tena hadi masika yapite. Edita alinitumia ujumbe mfupi kwenye simu: "Baba mdogo, bila shangazi sitoki ndani."

Hakuwa anatishia. Kwetu bibi harusi hukabidhiwa na shangazi yake. Baba mdogo wa aina yangu hutakiwa kubeba mizigo, na kukohoa pale panapohitaji kikohozi cha mwanamume.

Shangazi mwenyewe ni dada yangu Skolastika wa Kaengesa, mkulima wa mahindi na ulezi, kiongozi wa akina mama wa kigango, mtu ambaye hajawahi kukanyaga boti na hana nia. Nilijaribu kumweleza kwamba kutoka Kirando hadi Ntanga ni mwendo mfupi tu.

"Wewe nenda na maji yako," alisema. "Angani najua yuko nani. Majini simjui aliyeko."

Bahati ikawa kwamba kampuni moja changa, yenye ndege moja na matumaini mengi, ilikuwa imeanza kupeleka abiria ziwani.

Jumatano, mjini Sumbawanga. Ofisi ya kampuni ilikuwa ndani ya duka la pembejeo, kati ya mifuko ya mbolea na mabomba ya kupulizia dawa. Wakala, kijana mchangamfu aitwaye Fredi, alinipokea kwa jina la Mwalimu. Sijawahi kufundisha, lakini mjini kwetu mtu mwenye miwani na asiye na duka ni mwalimu.

"Ndege ya Ijumaa inaondoka saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya saa ngapi?"

"Mwalimu, hiyo inategemea Ijumaa yenyewe."

Akanifafanulia, bila haya hata kidogo. Asubuhi na mapema huku juu kuna ukungu, ndege haitoki. Mchana kule chini kuna upepo, ndege haitui. Katikati ya ukungu na upepo kuna nafasi nzuri kabisa, ila ndiyo saa ambayo ng'ombe hukatisha kwenye kiwanja cha nyasi cha nyuma ya Kirando wakienda kunywa maji.

"Na kisiwani?"

"Kisiwani kuna mambo ya kuanika-anika. Lakini poa tu."

Nilikata tiketi mbili. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu maendeleo, hivyo sikuuliza kinaanikwa nini.

Ijumaa, Kaengesa, jua halijachomoza. Ulikuwa msimu wa baridi, na upepo wa Ufipa ulikuwa unapita ndani ya sweta kama vile sweta ni maoni tu. Dada alikuwa tayari, amefunga vitenge viwili na kuketi juu ya mfuko wa unga wa ulezi. Kando yake palikuwa na maharage na nyungu ya asali.

"Dada, kisiwani kuna maduka."

"Yana unga. Hayana unga wangu." Akaitazama suti yangu ndani ya begi. "Siendi kwa wakwe mikono mitupu, nionekane nimelelewa na wewe."

Saa tatu hivi tulikuwa kiwanjani Sumbawanga. Abiria tulikuwa wachache, karibu wote wakulima, na mfugaji mmoja wa Kisukuma aitwaye Masunga, aliyekuwa anakwenda Kirando kumwona kaka yake. Rubani, ambaye wote walimwita Kapteni, alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mpole, aliyenyoosha shati lake vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona mwaka ule. Alitangaza kwamba ndege ndogo haina mzaha na uzito, kwa hiyo kila mtu atapimwa pamoja na mzigo wake.

"Mimi si gunia," alisema dada.

Fredi akaleta mizani. Dada alipoiona, uso wake ulibadilika. Ilikuwa mizani ya kupimia magunia, imeazimwa kwa mnunuzi mmoja wa mahindi. Dada akaizunguka, akaigusa kwa kidole, kisha akapanda mwenyewe bila kuombwa, na unga wake mkononi. Mshale ulisimama kwenye uzito wa msichana wa kidato cha pili. Dada aliutazama kwa furaha niliyoiona mara ya mwisho siku ya ubatizo wa Edita.

Hapa nimweleze msomaji asiyetoka kwetu. Kila mtu Ufipa anajua kwamba mizani ya mnunuzi wa mahindi husoma pungufu. Tumeilaani misimu yote. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza katika historia ya uwanda wetu, upungufu ulikuwa wa faida yetu, na hakuna hata mtu mmoja aliyefungua kinywa. Tulipanda mmoja baada ya mwingine tukiwa na nyuso za watu waliotoka kupokea komunyo. Mimi nilipungua zile kilo zote ambazo daktari amekuwa akinisihi nizipunguze.

Kapteni akajumlisha, akatabasamu. "Leo tuna watu wepesi."

Ndege ikakimbia. Ikaendelea kukimbia. Tukaona nyasi, tukaona nyasi nyingine, tukaanza kuona mwisho wa nyasi, na mtu nyuma yangu akauliza kama tunakwenda Kirando kwa barabara. Kapteni akafunga breki, akageuka, shati lake sasa limelowa.

"Kuna kitu hapa hakikubali," alisema.

Watu walichungulia madirishani. Hatimaye Masunga akakohoa. "Kapteni, hata ng'ombe wangu wakipimwa na mnunuzi hukonda papo hapo."

Kapteni alichukua muda kuelewa, kisha akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Ikabidi mizigo ipunguzwe. Kila abiria akatazama mzigo wa jirani yake kwa huruma.

"Toeni begi la mdogo wangu," alisema dada. "Lina suti na vitabu. Haliliwi."

Likatolewa, pamoja na vitu vya wengine, ingawa wao hawakuwa na dada. Safari hii ndege ikanyanyuka.

Angani. Uwanda wa Ufipa ukiutazama kutoka juu baada ya mavuno una rangi ya mkate, na vilima vyake vimeumuka hivyo hivyo. Dada alitoa rozari, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, tulipita usawa wa mji mdogo wa Chala tukiwa kwenye matendo ya uchungu. Halafu nchi ikakatika. Sina neno jingine. Uwanda ulifika ukingoni, ukaanguka, na chini kabisa kukawa na ziwa, buluu na kimya. Dada alifungua jicho moja, akaliangalia, akalifunga tena.

Ratiba ilikuwa kisiwani kwanza, Kirando baadaye. Haukupita muda tukaiona Ntanga, jiwe lenye miti, na juu yake mstari mmoja ulionyooka, uking'aa kama fedha. Nikajisemea kwamba serikali imefanya kazi, imeweka lami.

"Wameanika tena," alisema Kapteni.

Zilikuwa dagaa. Kisiwa kizima ni mawe na mteremko, na mahali pekee tambarare ndipo kiwanja cha ndege kilipo. Kampuni ilikuwa imeelewana na wanawake wa Ntanga: ndege ikifika, itazunguka, wao watakusanya dagaa zao, ndege itatua. Lakini siku tatu zilizotangulia kulikuwa na mawingu, na jua lilikuwa limejitokeza asubuhi ile. Dagaa zilikuwa nusu mbichi, nusu kavu, na dagaa za namna hiyo ukizirundika, jioni unawalisha bata.

Tulizunguka mara ya kwanza, chini kiasi cha kuona vilemba. Wanawake walisimama wakatutazama, mikono kiunoni. Mara ya pili, mmoja mnene mwenye kitenge chekundu alinyoosha kidole kuelekea jua, kisha akatupungia tuendelee kuzunguka. Baadaye niliambiwa maneno yake: ndege ikienda hurudi, jua la leo likienda halirudi. Pembeni nilimwona Edita, sare nyeupe, akirukaruka na kupunga shuka la zahanati. Mara ya tatu hakuna aliyeinama hata kuokota dagaa moja.

"Mafuta hayaruhusu zaidi," alisema Kapteni. "Twende Kirando."

Dada alikuwa ameacha kusali. "Tumezunguka mara ngapi?"

"Tatu, mama."

"Basi," alisema dada.

Sikujua uzito wa basi ile. Mizani yoyote ingevunjika.

Kirando, mchana. Tulipokewa nyumbani kwa katekista, Mzee Pius, Mfipa aliyeshuka ziwani ujanani na kuzoea joto lakini si samaki. Mkewe alituletea maji ya kunawa na ugali. Dada alinawa, akapiga makofi ya kushukuru kama tulivyolelewa, kisha akatoa hoja yake.

"Katekista, mtu anakwenda kwa wakwe. Anapiga hodi mara ya kwanza. Wenye nyumba wako nje, wanamwona. Anapiga ya pili. Anapiga ya tatu. Hakuna anayesema karibu. Mtu huyo hufanya nini?"

Mzee Pius akainamisha macho. "Huondoka."

"Nimeondoka."

"Dada," nilisema, "ile ilikuwa ndege."

"Ndani yake alikuwamo nani?"

Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilizungumzia sheria za anga, mikataba ya matumizi ya ardhi na tofauti kati ya mzunguko na hodi. Nilipomaliza, mke wa katekista aliniongezea mboga, kama mtu anavyomwongezea mgonjwa.

"Hata mimi nisingerudi," alisema Mzee Pius. "Ukishafukuzwa mlangoni kwa wakwe, usirudi mpaka wakufuate. Ukirudi mwenyewe, umempeleka mtoto wako akawe kijakazi."

Simu ikalia. Edita alikuwa analia. "Baba mdogo, padri anaondoka kesho mchana. Mwambie shangazi apande boti, Kasiano atamfuata mwenyewe." Kabla sijajibu, simu ilinyang'anywa, na sauti nene ikaingia. Alikuwa Mama Kasiano, mama wa bwana harusi. Alikuwa pia, nikagundua, kitenge chekundu.

"Zile dagaa ni za kitoweo cha harusi!" alisema. "Nizirundike zioze, wageni wale nini?"

"Mwambie kitoweo kimepona," alisema dada, kwa sauti ya kusikika kisiwani bila simu. "Mgeni ndiye ameoza."

"Mwambie aje, tutampokea ufukweni kwa vigelegele!"

"Mwambie sikupiga hodi ufukweni."

Jumamosi, jua likichomoza. Mama Kasiano alifika mwenyewe kwa boti ya mwanawe, kitenge kimelowa hadi magotini. Alipita uani, akachuchumaa mbele ya dada, akapiga makofi kwa heshima zote.

"Karibu, mkwe mwenzangu. Nimekosa. Karibu nyumbani."

Nilishusha pumzi. Mapema mno.

"Asante," alisema dada, naye akichuchumaa. "Ila hapa ni kwa katekista, na yeye alishanikaribisha jana. Karibu husemwa pale hodi ilipopigwa."

"Mlango wangu uko Ntanga!"

"Na mimi niligonga kutoka juu."

Wanawake wawili wakatazamana. Hakuna aliyekuwa anafanya mzaha. Mama Kasiano alifikiri, akaitazama barabara ya kiwanjani, akauliza kwa sauti ndogo kama kwenye ndege kuna nafasi. Kapteni, aliyelala pale na aliyekuwa anakunywa chai, alisema polepole kwamba viti vipo, kwa kuwa abiria wengine walikwisha kushuka, lakini safari hii atapima yeye, na mizani atatafuta yeye. Akaazima ya mwanamke muuza samaki. Sasa mizani ya muuzaji husoma zaidi. Dada aliposoma uzito wake alishuka haraka. "Hii inatukana watu," alisema. Ila Kapteni alifurahi sana.

Juu ya Ntanga. Mama Kasiano, aliyevuka mawimbi tangu tumboni mwa mamaye, alifumba macho mara magurudumu yalipoacha ardhi. "Nimeacha uwanja umefagiliwa," alinong'ona. "Nimewaambia wote: leo hauanikwi hata mtama." Alipofumbua macho, kisiwa kilikuwa chini yetu. Mstari ulikuwa unang'aa kama fedha.

Majirani waliona uwanja uko wazi, jua lipo na mwenye amri hayupo. Nani angeacha?

"Nani kaanika uwanjani kwangu?" Mama Kasiano alibandika uso kwenye kioo. "Veneranda! Ni Veneranda huyo, namjua kwa beseni! Wewe Veneranda! Toa!"

Huko chini mwanamke mdogo aliweka mikono kiunoni, akanyoosha kidole kuelekea jua.

Tukapita mara ya kwanza. Tukapita mara ya pili.

"Hiyo ya pili, mkwe," alisema dada taratibu.

Nilimwona Mama Kasiano akielewa. Hakuelewa kwa kichwa, alielewa kwa mabega. Ikitimia ya tatu bila jibu, atakuwa amefukuzwa kwake mwenyewe, yeye na shangazi kwa pamoja, na padri atapanda boti yake, na mwanawe atangoja masika yapite na mwanamke ambaye huenda hatangoja.

"Kapteni, usizunguke ya tatu!"

"Mama, siwezi kutua juu ya dagaa."

"Basi usiimalize!"

Akatoa simu. Kapteni alisema simu haziruhusiwi, lakini alisema kama mtu anayetoa taarifa kwa ukuta. "Kasiano! Tokeni kanisani! Wote! Na padri!"

Kapteni, Mungu ambariki, alielekeza ndege katikati ya ziwa na kuufungua mzunguko ule mkubwa kuliko ulivyohitajika kwa jambo lolote la kirubani. Tulikwenda hadi nikaanza kuiona vizuri milima ya Kongo. Tuliporudi, waumini wa Ntanga walikuwa uwanjani. Bwana harusi alikuwa anasomba kwa sepetu. Bibi harusi alikuwa amekunja gauni na kubeba beseni. Padri, na kanzu yake nyeupe, alikuwa anafagia kwa tawi. Veneranda alisimama pembeni akiwa na uso wa shahidi wa imani.

Ndege ikashuka. Dada alikuwa anamtazama mkwe wake.

"Karibu!" alipiga kelele Mama Kasiano, huku ameshika kiti kwa mikono yote miwili. "Karibu, mkwe mwenzangu! Karibu ndani! Karibu kwetu!"

"Asante," alisema dada. "Nimekaribia."

Magurudumu yakagusa chini.

Misa. Mimi nilihudhuria nikiwa ndani ya koti la mjomba wa Kasiano, mtu mrefu, hivyo mikono yangu haikuonekana hadi saa ya kutakiana amani. Padri alibariki pete kwa vidole vyenye magamba ya samaki. Pindo la gauni la Edita lilimeta kuliko alivyolipia mshonaji. Baada ya misa, ilipofika zamu ya shangazi, dada alimshika Edita mkono, akamvusha kizingiti cha nyumba ya Mama Kasiano, na kanisa zima likasogea mlangoni kumsikiliza. Nilikuwa nimemwandalia hotuba. Ilibaki Sumbawanga pamoja na suti, na ni heri.

"Mkwe wangu," alisema, "huyu hana baba. Siku akitoka hapa amekasirika, kisha akarudi na kupiga hodi, mjibuni mara ya kwanza."

Mama Kasiano alilia waziwazi. Mimi nilikohoa.

Kurudi. Kwa sababu ya dagaa misa ilichelewa, na kwa sababu misa ilichelewa upepo ulishaanza, boti ya padri haikuweza kutoka. Kapteni alisema kwa upepo ule ndege iende nyepesi, hivyo ana nafasi moja tu zaidi ya ile ya shangazi. Padri alinitazama. Dada alinitazama. Nilibaki kisiwani hadi ziwa lilipotulia, nikavuka kwa boti juu ya magunia ya dagaa ya Veneranda, ambaye njia nzima alinieleza upande wake wa kesi, na ulikuwa na nguvu. Katika basi la kupanda Chala hadi Sumbawanga nilipata kiti cha watu wawili peke yangu. Ilitokana na harufu.

Fredi aliniuliza, kati ya mifuko ya mbolea, huduma yao ina changamoto gani. Kampuni ilikuwa inafikiria kuzungushia uwanja wa Ntanga uzio. Nilimwambia kwenye uzio zitaanikwa nyavu. Nilimwambia kwamba nimesoma sana kuhusu miundombinu, na nilichojifunza ni kwamba kisiwani ndege haishuki kwenye uwanja, hushuka kwenye ua wa mtu. Kwa hiyo wamwajiri mtu, kazi yake iwe kusimama pale na kusema karibu. Alicheka, akaniambia mimi Mwalimu nina vituko.

Sasa Edita ni mjamzito, na dada ametangaza kwamba mtoto akizaliwa atakwenda kumwona. Hakusema lini. Edita anasema tangu siku hiyo Mama Kasiano akisikia mngurumo wowote angani, hata wa ndege kubwa zipitazo juu kabisa kwenda nchi za watu, huacha anachofanya, hutoka nje na kupaza sauti.

"Karibu!"